Birika Dogo la Mpishi wa Misiba

Alhamisi ya pili ya mwezi wa sita mwaka jana, kabla ya adhuhuri, alifariki mpishi wa misiba wa mtaa wetu, hapa Chang'ombe nyuma ya magodauni. Mtaa ulipoteza mkono uliopika chai ya misiba yake yote tangu nilipohamia. Mie nilipoteza mtu aliyekuwa akiniita kupitia ukuta wa uani kila asubuhi, ili ajue kama nimeamka. Yeye alikufa kabla mtaa haujamrudishia kazi yake. Watu sasa wanamsifu, na wakimsifu wanairuka sehemu hiyo. Ndiyo maana nimeona niiandike.

Kazi yake haikuwa na mshahara wala cheo. Msiba ukitokea, turubai bado halijafungwa, yeye alikuwa ameshafika, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, mwiko mrefu kwapani. Alipika misiba ya Waislamu na ya Wakristo, ya wenyeji na ya watu wa bara waliokuja kufanya kazi viwandani. Hakuwa akiuliza nani amekufa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Maji yako wapi?" Wasiomjua walimwona hana huruma. Baadaye, sufuria zikishakaa motoni, ndipo alipoingia ndani, akakaa chini, akamshika mkono mwenye msiba bila kusema neno, kisha akatoka. Mbele za watu hakulia. "Mie nikianza kulia," aliniambia, "nani atachochea moto?"

Misibani kwetu chai hutiwa sukari humo humo sufuriani. Hakuna kisahani cha sukari kinachozungushwa, kwa sababu mfiwa hawezi kusimama kumwuliza kila mtu anataka vijiko vingapi. Unakunywa iliyopo. Ukikataa, watu wanatazamana. Wapo watakaosema una lako jambo na wafiwa, na wapo watakaosema unaogopa kurogwa. Kwa hiyo hata wenye ugonjwa wa sukari walikuwa wakinywa, tena wanamaliza kikombe, maana kumwaga chai ya msiba ni vibaya zaidi.

Yeye mwenyewe alikuwa na sukari. Aliambiwa hospitali miaka mingi kabla sijamzoea, akaanzishiwa vidonge, baadaye sindano. Mwanamke aliyepika chai tamu kuliko wote Temeke nzima hakuruhusiwa kuionja. Alikuwa akichovya kidole kwenye kijiko, akikisugua na gumba. Kidole kikinata, chai imefika. Mara nyingine hakuamini kidole chake, akaniita. "Njoo uonje we. Mie ulimi wangu umefungiwa."

Sikukuu ya Idi alinunua halua. Aliiweka kwenye kisahani, akafunga mlango, akakaa nayo mezani. Nilimkuta mara moja. Alikuwa ameinama pua iko karibu na kisahani, anainusa tu. Aliponiona alikisukuma kisahani kwangu. "Kula, mwanangu. Nimeshamaliza."

Mche wa majani matamu aliupata Msasani, kwenye nyumba aliyokuwa akiitwa kupika wakija wageni. Pale palikuwa na mtunza bustani, mtu mzima wa kutoka Njombe, mpole. Alimkatia jani akamwambia atafune. Mpishi wetu alipenda sana kuisimulia siku hiyo.

"Nikadhani ananichezea. Nikatafuna kama mbuzi. Mara mdomo mzima sukari! Nikamwambia, baba, semeni kweli, nani kayaloweka majani yenu?"

Wenye nyumba waliuita mmea huo stevia. Yeye aliuita majani matamu mpaka anakufa. Yule mtunza bustani alimpa vipandikizi vimefungwa kwenye gazeti bichi, akamwambia jambo ambalo baadaye yeye alilisema kwa kila mtu: haya yanakaa mahali pa sukari, hayakai mahali pa dawa.

Vipandikizi vya kwanza vilikufa vyote. Majani yalikauka kuanzia kwenye ncha, kama yaliyopitishwa motoni. Alibadilisha udongo, akavihamisha kivulini, vikafa. Aliporudi Msasani kulalamika, yule mtu alimwuliza swali moja tu, unamwagilia maji gani? Anayekaa huku kwetu ameshaelewa. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Nguo nyeusi ukiifulia inabaki na weupe kwenye pindo. Tangu siku hiyo kisima kilikuwa cha kufulia na kudekia, na majani yakanyweshwa maji ya mvua aliyoyakinga batini, au ya bomba yakitoka. Kuna wiki bomba lilikauka na mvua haikunyesha, nikamwona ananunua maji ya chupa dukani. Mwenye duka akamtania, "Bibi, leo unaogea maji ya matajiri?" Alimjibu, "Nina wageni nyumbani hawanywi ya kisima."

Alipandia kwenye ndoo kuukuu za rangi. Alitoboa matundu chini kwa msumari wa moto, akatandika kokoto, juu akaweka mchanga uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu. Alisema mmea ule unapenda kunywa lakini haupendi kukaa majini. Ndoo alizipanga mahali zinapopata jua la asubuhi, na mchana ukuta wangu ukazifunika kwa kivuli. Kipandikizi alikikata kwenye ncha ya tawi, urefu wa kidole, akanyofoa majani ya chini, akakichomeka na kukifunika na chupa ya plastiki iliyokatwa, mpaka kishike mizizi. Mbegu hakuzitaka kabisa. Alisema nyingi haziamki.

Kila asubuhi aliikagua miche akitafuta vichwa vya maua. Ni vidogo vyeupe. Alivikata kwa kucha kabla havijafunguka, maana mmea ukichanua, utamu unapungua na uchungu unabaki. Wakati akikata alikuwa na redio pembeni. Mtangazaji akisema habari za asubuhi, yeye alimjibu, "Nzuri, baba." Mwanzo nilidhani ana mgeni. Mwanawe mmoja aliye hai yuko Maskati, anapiga simu akipata nafasi, na nafasi ilikuwa haba. Siku nyingine, mpaka jioni, watu waliokuwa wameongea naye ni mimi na yule mtangazaji.

Aliyekuwa akipikia mamia ya watu alikula peke yake, amesimama, sahani kaiweka juu ya mtungi. Nilimwambia akae. Akasema kukaa mezani peke yako ndiko kunakokukumbusha.

Majani alichuma asubuhi, akayaosha, akayaanika kwenye ungo ndani ya kibaraza, kivulini, amefunika kwa kitambaa chepesi nzi wasikae. Hakuyaweka juani. Yakivunjika mkononi kwa mlio, aliyafikicha na kuyatia kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Ya kikombe kimoja ni kile kinachoshikika kati ya ncha za vidole viwili. Akitia maji ya moto anafunika kidogo, anachuja. Ukizidisha, chai inakuwa na uchungu unaobaki kooni, na kwa wengine si uchungu tu.

Hilo la kuzidisha lilimpata yeye mwenyewe, na hakulificha. Mwaka wa kwanza alikunywa chai ya majani nzito kutwa nzima, kwa furaha ya kuonja utamu tena, huku anatumia dawa za sukari na za presha. Siku moja kichwa kilimzunguka akakaa chini kando ya kisima, hakuweza kuinuka mpaka nilipomkuta. Kliniki nesi hakumfokea. Alimwambia majani hayo si sumu, lakini hakuna anayejua kila jani lina nguvu kiasi gani, na dawa zake zinashusha vitu hivyo hivyo, sukari na presha. Atumie kidogo, apime sukari kama kawaida, aseme kila akija kwamba anatumia, na asipunguze dawa yoyote kwa uamuzi wake.

Akarudi na hayo kama amerudi na sheria. Ukienda kuomba majani, alisimama mlangoni na chupa mkononi, hafungui mpaka umjibu. Umekunywa dawa zako? Umechoma sindano? Mwenye mimba na anayenyonyesha aliwarudisha, wakaulize kliniki kwanza. Watoto hakuwapa. Hakuruhusu mtu achume mwenyewe, kwa sababu pembeni ya ndoo zile yaliota magugu yenye majani ya kufanana, na jirani mmoja alishawahi kwenda nayo nyumbani akaharisha siku mbili. Sahani ya wali alimpa yeyote aliyepita. Majani alikuwa mchoyo nayo hata akaudhi watu. "Unatugawia kama mfamasia," walimwambia. Alijibu, "Mfamasia anavaa koti. Mie sina koti, ndiyo maana naogopa."

Ndipo akaleta birika dogo misibani. Alipika chai ya majani pembeni, bila sukari, akaitia kwenye birika dogo la bati, akafunga kitambaa cha kijani kwenye mkono wa birika ili lijulikane. Hakuna aliyelisogelea. Alishangaa, akaniuliza, nami nilimwambia ninavyoona. Kunywa kwenye lile birika ni kutangaza ugonjwa wako mbele ya mtaa mzima. Kuna mwanamume atakayefikiriwa hafai tena nyumbani kwake. Kuna msichana ambaye hataposwa.

Msiba uliofuata kitambaa hakikuwepo. Alipanga vikombe kwenye sinia, vyenye sukari na visivyo, pamoja. Mkono wa kikombe ukiangalia nje ni chai ya kawaida. Ukiangalia ndani, katikati ya sinia, ni cha majani. Waliokuwa wakija mlangoni kwake aliwanong'oneza siri hiyo. Mimi ndiye niliyebeba sinia. Niliona mikono ikienda moja kwa moja, bila kusita, kwenye vikombe vilivyogeuka ndani. Ilikuwa mingi kuliko nilivyofikiri. Kuna watu niliokaa nao miaka sikujua.

Siku moja bibi harusi mgeni wa mtaani, aliyetaka kuonyesha utaratibu, aligeuza vikombe vyote vikaangalia nje kwa mstari ulionyooka. Mpishi wetu aliona sinia inapita mlangoni akaipigia kelele.

"We mwana! Rudisha! Rudisha hapa!"

"Bibi, si nimevipanga vizuri?"

"Umevipanga kama duka la vyombo! Nani kakuambia tunauza?"

Alimwaga vyote, ingawa ni vibaya, akaanza upya, na yule bibi harusi hajajua kosa lake mpaka leo, maana hakuna aliyeweza kumweleza.

Wa kwanza kuacha kuona haya alikuwa fundi wa mafriji, mume wa Mama Salma. Alikuwa akitumia sindano. Alikuwa mcheshi, mtu wa sauti kubwa, na alikuwa akitangaza mwenyewe kwenye jamvi, "Leteni kile cha kugeuza uso, mie sukari yangu iko damuni inatosha!" Wanaume walicheka, na baada ya yeye wawili watatu walianza kuchukua bila kujificha. Mpishi alimpenda kwa hilo. Kila wiki fundi alisimama mlangoni kwake kuchukua kifuko.

"Umechoma?"

"Nimechoma, Bibi. Nivue shati uhesabu matundu?"

"Toka hapa na shati lako," alisema Bibi, naye anacheka.

Siku moja nilikuwepo. Alikuja na simu, akamwonyesha mtu anayeongea, anasema majani hayo yanaponya sukari kabisa, mtu anatupa dawa. Mpishi hakuitazama sana.

"Huyo anakujua wewe?"

"Bibi, ni mtaalamu. Angalia koti."

"Nakuuliza, anakujua? Anajua sindano yako?"

"Aa, mie nakuonyesha tu."

"Majani haya yanatoa utamu. Yakishatoa utamu, kazi yao imekwisha. Umenisikia, baba?"

"Nimesikia, Bibi."

Fundi akacheka, akapokea kifuko chake, akaondoka. Aliugua wiki chache baadaye. Kiu, kutapika, kupumua kwa nguvu. Alipofikishwa hospitali sukari ilikuwa imepanda mno, na hakurudi. Madaktari walisema amekaa muda bila sindano. Habari hiyo ilitoka hospitali ikafika mtaani kabla ya maiti, na njiani ikabadilika. Ilipofika kwetu ilikuwa inasema, majani ya Bibi yamemuua fundi.

Asubuhi ya msiba alitoka kama kawaida, kanga kiunoni, mwiko kwapani. Mie nilikuwa nyuma yake na kapu la vikombe. Getini kwa fundi walisimama wanawake wa mtaa, watu ambao alishapika misiba yao yote. Mmoja alimsogelea akasema taratibu, kwa adabu, "Bibi, leo wewe pumzika." Kutoka ndani tulisikia sauti ya Mama Salma: "Asiingie! Asishike hata maji ya kunawa!"

Mpishi aliangalia mafiga ambayo tayari yalikuwa na moto wa watu wengine. Akauliza, kwa mazoea nadhani, "Maji yako wapi?" Wanawake hawakupisha geti. Akageuka.

Arobaini ya fundi walikodi wapishi kutoka Mbagala. Misiba iliyofuata ilipikwa kwa zamu, na chai ilikuwa ya sukari tu. Waliokuwa wakichukua vikombe vya kugeuka ndani walirudi kunywa kama wengine. Mlangoni kwake hakuja mtu. Waliompita njiani walimwamkia shikamoo harakaharaka, bila kusimama. Mama Salma hakumwamkia kabisa.

Nilijaribu kusema. Kwenye kikao cha wanawake cha kuchangia vyombo nilieleza nilichosikia siku ile ya simu. Waliniacha nimalize, kisha mmoja akasema, "Wewe ni mtu wake, lazima umtetee." Wakaendelea na vyombo.

Yeye hakujitetea. Nilimwuliza kwa nini. Alikuwa anapepeta mchele wake kidogo, wa mtu mmoja.

"Nitasema nini? Nilimwuliza, akasema amechoma. Nikacheka. Kama nisingecheka, labda."

"Bibi, ungefanyaje, umvue shati kweli?"

"Sijui. Lakini mie ndiye niliyemzoesha kwamba lile jani ni zuri. Kabla ya mie alikuwa halijui."

Hakuwa ameua mtu. Lakini alichosema kilikuwa kweli pia, na aliishi nacho peke yake ndani ya ile nyumba.

Mwaka ule niliona miche imechanua. Maua meupe madogo, ndoo zote, na nyuki juu yake. Alikuwa anaimwagilia bado, maji ya mvua, kama zamani, lakini alikuwa hakati tena. Nilimwuliza kama nikate. Akasema, "Iache. Nani anakunywa?" Yeye mwenyewe alirudi kunywa maji ya moto matupu. Sindano zake hakuacha hata siku moja, na tarehe za kliniki hakukosa. Macho yalikuwa yameanza kupoteza nuru. Uzi wangu wa kushonea alikuwa akinitungia yeye sindanoni zamani. Sasa hakuona hata sindano yenyewe. Nikawa ninampeleka kliniki, namshika mkono barabarani, tunakaa kwenye benchi pamoja mpaka aitwe.

Mara ya mwisho nilipokwenda naye ilikuwa mwisho wa mwezi wa tano, wiki mbili hivi kabla hajafariki. Mvua ilikuwa imenyesha, benchi zilikuwa na maji, watu wamebanana kwenye ile iliyo ndani ya varanda. Tukapata nafasi. Nilipokaa ndipo nilipomwona aliye upande wa pili wa mpishi. Alikuwa Mama Salma, kadi mpya ya kliniki mkononi, imekunjwa kwa kushikwa sana. Alikuwa amekonda. Alinitazama, nikaelewa kwamba naye ameambiwa ana sukari, na kwamba hakutaka mtu wa mtaani amwone pale. Mpishi hakumwona. Nilitaka kumnong'oneza, kisha nikaona nisubiri.

Nesi alitoka akauliza kwa sauti, kama anavyouliza kila wiki, nani anatumia mitishamba yoyote, aseme, haadhibiwi mtu. Wote walitazama sakafu. Mpishi aliinua mkono.

"Nilikuwa natumia. Majani matamu. Nimeacha mwaka jana."

"Uliacha kwa nini, Bibi? Yalikudhuru?"

"Hapana. Sikupata wa kunywa naye."

Watu wawili watatu walicheka. Nesi hakucheka. Akauliza kama alipokuwa akitumia aliwahi kuacha sindano.

"Hata siku moja. Nilikuwa naogopa kufa."

Nesi akaandika, akaingia ndani. Tulikaa. Nilimsikia Mama Salma akivuta pumzi, kisha akasema, bila kugeuka, kama anayeongea na ukuta wa mbele:

"Alikuambia ameacha?"

Mpishi aliitambua sauti. Mkono wake ulikaza kwenye goti langu.

"Hakuniambia. Kila wiki nilimwuliza. Kila wiki aliniambia amechoma."

"Na mie hakuniambia."

"Najua, mwanangu."

"Hujui." Mama Salma alikuwa ameikunja kadi yake ikawa mrija. "Chupa za sindano zilikuwa kwenye friji. Mlangoni, pale pa mayai. Nzima, hazijatobolewa. Friji ile nafungua mie. Kila siku nafungua mie, natoa maziwa, natoa nyanya. Nilikuwa naziona."

Hakulia. Aliisema yote kwa sauti ya mtu anayesoma kitu. Mpishi hakumshika, hakumwambia pole. Alisogea kidogo upande wangu, ili Mama Salma, aliyekuwa amekaa kwenye ncha ya benchi, apate nafasi ya kukaa vizuri. Naye akasogea akakaa vizuri. Tulibaki hivyo, watatu, mabega yamegusana, hadi jina la mpishi likaitwa.

Nilikuwa nainuka kumshika, lakini Mama Salma alikuwa ameshasimama. Alimshika kiwiko.

"Kuna kizingiti hapo, Bibi," alisema. "Inua mguu."

Akainua mguu. Waliingia pamoja, na nesi akafunga mlango.